Tawi la Mlangoni

Mtunza bustani alikuwa amekwisha kuupogoa mwaridi wote, likabaki tawi moja lililoinamia mlango.

"Na hili, mama? Litakuja kumtoboa mtu jicho."

Mjane akalitazama. Miaka nenda miaka rudi tawi hilo lilimchania nguo, naye akampigia mumewe kelele mpaka koo likamkauka. Mzee hata gazeti hakuliteremsha. "Nitalikata kesho, mke wangu." Hiyo kesho haikufika, mpaka juma lililopita wakamzika.

Mkasi ukaachama. Hapo ndipo mjane alipouona uzi wa kijivu ulionasa kwenye mwiba, uzi wa sweta la mzee.

Akaupenyeza mkono wake kati ya mkasi na tawi.

"Kesho," alisema. "Tutalikata kesho."