Chupa za Barabara 32

Verlene alikata kushoto kutoka barabara kuu namba 59, akaingia Barabara ya Kaunti 32 na kuteremsha kioo. Chupa zilikuwa kumi na moja, ndani ya ndoo, miguuni pa mdogo wake Nettie.

"Si ungezitupa kule kule kwenye 59?" Nettie aliuliza. "Saa hizi tungekuwa nyumbani tunakunywa chai."

"Kule ni barabara ya jimbo. Lori linapita, linazoa, basi. Huku kwa kaunti zinaokotwa kwa mgongo wa mtu. Nipe moja."

Na mgongo wenyewe ulikuwa pale mbele, umeinama kando ya shamba la miti ya pekani, ndani ya kizibao cha rangi ya chungwa. Ni Hollis. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa na maili yake moja ya kujitolea kuokota taka, kutoka darajani hadi njia panda ya 65, jua liwake, mvua inyeshe. Kwa Verlene hiyo ndiyo saa tamu kuliko zote za wiki, kuliko hata kanisa, wala hakuona aibu kusema hivyo.

Hollis ndiye aliyemnyang'anya Verlene mwanawe wa pekee, Duane, akiwa na miaka ishirini na miwili. Viatu vya kijana bado viko chini ya kitanda, na ole wake Nettie avisogeze ili afagie. Mahakamani Hollis alisimama mbele ya jaji akalia kwa kwikwi. Verlene hakuamini hata chozi moja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi Hollis naye aujue wa kiuno.

Chupa ya kwanza ilitua majanini. Ya pili ikaifuata.

"Dada, mzee wa watu ana miaka sabini yule."

"Na anainama vizuri tu, mwone."

"Iko siku atakuona."

"Hiyo ndiyo ninayoiombea."

"Basi isiwe leo. Jumanne tuna safari ya Montgomery, usitutafutie nuksi."

Verlene alicheka, akarusha ya sita kwa nguvu zaidi. Ilipasuka karibu kabisa na kiatu cha Hollis. Mzee aliinua kichwa, akakinga macho kwa kiganja, kisha akaingia barabarani na kusimama katikati. Verlene akafunga breki.

Hollis alikuja polepole hadi dirishani, akiburura mfuko wake wa taka. Aliitazama ndoo, akamtazama Nettie aliyejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, halafu akamgeukia dereva.

"Bi Verlene. Mwaka mzima nimekuwa nikisema ni vijana wa shule."

"Ni mimi. Kila chupa, Hollis, usimsingizie mtoto wa mtu. Na nitaendelea mpaka huo mgongo ukatike!"

Maneno hayo alikuwa ameyaweka kifuani muda mrefu, na kuyatoa kulimpa raha aliyotaka idumu. Alingoja mzee atukane. Hollis hakutukana. Aliingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa bahasha iliyokwisha kubandikwa stempu.

"Nilikuwa niipitishe posta nikimaliza hapa," alisema. "Ni ya bodi ya msamaha wa wafungwa kule Montgomery, kwa kikao cha Jumanne. Nimewaandikia kwamba Duane alikuwa kijana aliyeshika usukani amelewa, hakukusudia kuua, na kwamba hata binti yangu Carolyn asingependa aozee gerezani kwa ajili yake."

Aliichana bahasha vipande vinne mbele ya macho ya Verlene, akavitumbukiza mfukoni pamoja na chupa, maana kwenye maili hii anayoisafisha kwa kumbukumbu ya binti yake haachi hata karatasi moja chini.