Ofisi ya Juu ya Mvule

Wanyama walipoanzisha msaada wa sheria wa bure kwa wanyonge, ofisi waliiweka juu ya mvule, ili kila mtu aione. Kobe aliiona vizuri sana, kwa kuwa mayai yake alikuwa ameyafukia shinani palepale. Kenge alishafukua nusu yake, akaahidi kuyarudia yaliyobaki.

"Wakili, nisaidie!" Kobe alipaza sauti.

"Panda tu, mama," Hondohondo akamjibu kutoka juu. "Huduma ni bure kabisa."

"Nipande kwa miguu gani, baba?"

Malalamiko yalipozidi, wakubwa walikaa kikao, wakala, wakashiba, wakafanya mageuzi: ofisi ikahamishiwa tawi la juu zaidi, penye upepo mzuri.

Mteja wa kwanza kufika huko alikuwa Kenge, hodari wa kupanda.

"Mimi mnyonge," akalia. "Kuna kobe amekilalia chakula changu."

Hondohondo alishuka upesi, akatua mbele ya Kobe. "Mama, ondoka hapo. Unamwonea mteja wangu."

Kobe hakubanduka juu ya mayai yake. Alimtazama wakili kuanzia mdomo hadi kucha.

"Kumbe, baba," akasema, "kushuka unajua!"