Picha ya Kupeleka Ulaya

Siku hiyo Memsahibu, mwenye shamba la ngano kule Mau Narok, alimketisha yaya wake Wariara mezani kwa mara ya kwanza.

"Huko Ulaya wanasema tunawabagua," alimnong'oneza. "Kunywa chai, na utabasamu."

Mwandishi wa gazeti kutoka London aliuliza jambo kwa Kiingereza.

"Anataka kujua kama una furaha hapa," Memsahibu akatafsiri.

Kikombe kilimchoma Wariara vidole, lakini hakukitua.

"Mwambie kwamba Bwana wako alimkabidhi mume wangu kwa askari. Mpaka leo sijui kama yu hai."

Memsahibu alimkamata bega, akamgeukia mgeni, akatafsiri kwa maneno mawili tu.

Mgeni alicheka kwa furaha, akainua kamera.