Kimya cha Tundup

Asubuhi ile sauti haikuja.

Tundup alikaa pangoni, miguu ameikunja, akaingoja kama mtu anayengoja jino lianze kuuma. Jua likapanda juu ya genge, likayeyusha barafu ya mlangoni. Kimya. Kesho yake, kimya. Wiki ikaisha, kimya kitupu.

Tangu apande mlimani kutafakari, adui yake alikuwa sauti hiyo. Kila alfajiri, pumzi ikishatulia, ilimjia kwa mbali, nyembamba, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo watawa wenzake hawakulijua: "Nono, umekula?"

Kiangazi cha kwanza mwalimu wake, Lama Yontan, alipanda kumtazama. Tundup akamweleza kwa aibu. Mzee akacheka.

"Ni akili yako hiyo, mwanangu. Kijiji kiko nyuma ya mlima, nani atakuita huku? Akili ni kama mbwa koko: ukimtupia mfupa, haondoki. Usiijibu. Siku itakaponyamaza, shuka uniambie."

Basi hakuijibu. Sheria ya pango ilikuwa kali: ndugu wasikanyage pale, habari za nyumbani zisimfikie, na mleta chakula aweke mfuko wa unga wa shayiri kwenye ua wa mawe aende zake bila salamu. Tundup aliishika sheria hiyo mpaka akasahau mlio wa kicheko chake mwenyewe.

Theluji ilipozidi, sauti ilikosekana, naye akafurahi kwamba anasonga mbele. Njia zilipofunguka ikarudi, akalia. Kuna alfajiri moja ya baridi, upweke umemzidi, ambapo mdomo wake ulitaka kuijibu hata kabla haijaita. Akauziba kwa kiganja.

Miaka ilivyokwenda, sauti ikafifia. Ikawa inakatika katikati ya neno, halafu kinafuata kitu kama kikohozi. Tundup akajua tunda linaiva.

Na sasa limeiva. Alikuwa ametazamia nuru, au furaha. Alichokikuta ndani yake ni kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Pengine ndivyo kulivyo, akajiambia, akashuka.

Lama Yontan alimhoji kwa muda mrefu, kisha, mzee yule ambaye hakuwahi kumsifu mtu, akamvika shingoni kitambaa cheupe na kumwinamia.

"Umefika," akasema. "Wengi wetu tutafia njiani. Sasa nenda nyumbani, dada yako anakungoja."

Kijijini watu walitoka milangoni wakamwinamia. Yangdol, dada yake, hakuinama. Alimwonyesha zulia karibu na jiko, akammiminia chai ya chumvi na siagi, akakaa akimtazama anavyokunywa.

Tundup akauliza Mama yuko wapi.

Yangdol akamwambia kwamba Mama alifariki, wakauchoma mwili wake kwa desturi kabla ya mwezi kuandama, na kwamba sheria haikuwaruhusu kumpelekea habari. Tundup akasikiliza. Ndani yake hakikutikisika kitu, na kutotikisika huko kukamwogofya. Akauliza kilichomuua.

"Kifua," Yangdol akasema. "Baridi ilimwingia, ikakataa kutoka."

"Hamkuwa na kuni humu ndani?"

"Humu zilikuwamo, kaka. Yeye hakukaa humu. Alihama mwaka ule ule ulipoondoka, akaenda kuishi peke yake kwenye kibanda cha wachungaji, chini ya genge lako. Theluji ilipomzidi ndipo tulipomshusha, na njia zikifunguka tu, anarudi. Nilimsihi, nikamwambia sheria ya lama inakataza."

Yangdol akachukua kikombe cha Tundup, akakijaza tena.

"Akanijibu, inakataza kufika. Haikatazi kuita."