Mpango wa Wazazi

"Daktari alijitoa," msichana wa mapokezi alisema, akimrudishia Zacharia kadi kupitia tundu la dirisha. "Hiyo bima hatuchukui tena."

"Alijitoa lini?"

"Tangu Januari."

Hii ilikuwa kliniki ya tatu hapo Ruiru asubuhi hiyo, na ya tatu kumwambia neno lile lile. Kujitoa! Mtu anajitoa kwa kwaya, anajitoa kwa chama, sasa hata kwa wagonjwa? Zacharia alichomoa mfukoni orodha ya madaktari, karatasi mbili zilizojaa majina, akaibandika kwenye kioo kwa kiganja.

"Si jina lake ni hili hapa? Mnatuandikia majina ya nini, tuyasome tupone?"

"Pole, mzee. Jaribu kwingine."

Aliusukuma mlango kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta.

Nje, Mama alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la Mwas, jirani yao, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Kila alipovuta pumzi kifua kilitoa mlio. Wiki nzima alikuwa halali vizuri, chakula anakisukuma kando, na hospitali ya serikali ilikuwa imempa tarehe ya kuonana na daktari wa kifua miezi mitatu mbele. Kwenye chumba chao cha kupanga mtaani Kimbo waliishi wawili tu. Zacharia hakuwa na mwingine duniani, na aliogopa.

"Tulia, maitu," alimwambia kwa Kikuyu. Tulia, mama.

"Wamekataa?" Mwas aliuliza.

"Wamejitoa."

"Hawa wasee ni wakora, buda."

Zacharia alitoa simu na kumpigia Okello, wakala aliyemuuzia hiyo bima chini ya mwavuli pale stejini, kituo cha matatu. Siku ile Okello alikuwa amemuuliza, "Unamchukulia nani cover?"

"Mama yangu."

"Kuna mwingine?"

"Ni yeye tu."

Okello alikuwa amefunua vijitabu viwili. Mpango wa Familia ulikuwa na madaktari wa kuhesabu kwa vidole. Mpango wa Wazazi ulikuwa nao tele, Ruiru mpaka Thika. "Basi wako ni huu wa Wazazi," Okello alisema, na Zacharia akakubali papo hapo. Hata jina lenyewe aliliona linamfaa. Okello alijaza fomu kwenye simu yake mbio mbio huku akitabasamu. "Ana bahati huyo mama."

Leo hakukuwa na cha kutabasamia.

"Okello, wewe ni mwizi! Mama anaishiwa na pumzi kwa gari, na kila daktari wako amehepa!"

"Boss, tulia. Kuna mmoja Thika hajajitoa. Daktari Dorine Mwelu. Huo mpango wako anauchukua bila maneno."

Njia nzima Zacharia alikuwa ameuma meno. Alikuwa akipanga matusi ya kumpa mtu wa nne, na alikuwa na mengi.

Lakini kule Thika mama wa mapokezi aliichukua kadi, akaandika namba kwenye kompyuta, akasoma.

"Mpango wa Wazazi. Sawa, imekubali. Mgonjwa yuko wapi?"

Matusi yalikuwa bado mdomoni mwa Zacharia, na sasa hayakuwa na wa kutupiwa.

"Kwa gari. Mama hawezi kupanda hizi ngazi."

"Tumtume nesi na kiti cha magurudumu?"

"Hapana, nitambeba mwenyewe. Nimezoea."

"Ubarikiwe. Wengine hutuachia wazazi wao hapo mlangoni na kuenda zao." Kwenye benchi bibi wawili wenye mikongojo walimtazama kwa upendo, na mmoja akatikisa kichwa kumsifu.

Alishuka mbio. Alimbeba Mama pamoja na shuka lake, kichwa kikilala begani, akapanda ngazi akihema, akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha daktari. Alikuwa ameshinda. Wangejitoa wote, huyu mmoja alitosha.

Daktari Mwelu alikuwa akikodolea macho kompyuta.

"Karibuni. Mgonjwa wa kifua, sivyo? Ila wakala hakujaza umri hapa, na mpango huu wa wazazi hulipia waliofika sitini kwenda juu. Mama ana miaka mingapi?"

Zacharia aligeuka kuutazama uso uliolala begani.

"Sita na nusu," alijibu binti yake kutoka begani, yule aliyepewa jina la marehemu nyanya yake, mama mzazi wa Zacharia, kwa hiyo tangu azaliwe baba yake hajawahi kumwita kitu kingine ila Mama.