Mstari wa Mvua Nyumbani kwa Mbazi

Kompyuta ilikuwa imeigawa milima ya Upare mraba kwa mraba, ikikadiria hewa yenye unyevu itapanda wapi na kumwaga mvua wapi. Mraba ukiwa mwekundu, waliokutwa ndani yake waliteremshwa kwa gari hadi tambarare msimu mzima, udongo usije ukawafukia. Wa kijani walibaki kulima.

Mstari ulipita katikati ya nyumba ya Mbazi. Chumba kikaangukia kijani, jiko likaangukia nyekundu. Na mkewe Nakijwa alikuwa amehamia jikoni, tangu Mbazi aseme mbele ya wageni kwamba makande yake hayana chumvi.

"Gari linakuja, mama Elinami. Rudi chumbani."

"Kwa mwenye ulimi ule? Bora niteremke zangu."

"Msimu mzima?"

"Utapika mwenyewe, utie chumvi."

Honi ikalia bondeni. Mbazi akabeba godoro, akalitupa kando ya mafiga.

"Unafanya nini, baba Elinami?"

"Nahamia. Watukute wote hapa."

Nakijwa akaficha kicheko kwa kanga.

Walipokuwa wanapanda gari, mvua ikapiga bati la jikoni, kisha ikapiga na la chumbani. Mbazi akaruka chini, akakimbia kuwaita majirani wa kijani nao wateremke.