Maji ya Vuguvugu

Tangu halmashauri iamuru kila nyumba iwashe hita saa moja tu kwa siku, wanawake walifulia mtoni, pale maji yaliyopoza mtambo wa nyuklia yalipotokea yakiwa ya vuguvugu hata wakati wa theluji. Asubuhi hiyo Hedwiga alitumbukiza shuka, akachomoa mikono upesi. Maji yalikuwa ya barafu.

"Basi wameuzima," alisema jirani yake, Benita. "Waliokuwa wanaupinga wameshinda."

"Wangeuzima, mwanangu angekuwa amerudi. Yuko zamu mle mtamboni tangu alfajiri."

"Sasa joto la mtambo linakwenda wapi?"

Hedwiga aliinua macho. Kwenye paa la mtambo, theluji ambayo haikuwahi kuyeyuka kabla ya mwezi wa nne ilikuwa ikichuruzika ukutani, na ukuta ulikuwa ukifuka mvuke.